Gari Lirudi Bila Mimi

Sikilizeni wanangu, nyote wawili. Wewe Bwana Kisu, mpasuaji mwenzangu, kaa hapa kitandani, usinisimamie miguuni kama daktari wa zamu. Kwanza mwambieni dereva wa hiyo ambulensi azime injini, anatuchomea mafuta bure, maana mimi siendi kupasuliwa. Nimesema siendi. Nimekuwa daktari wa upasuaji tangu mama yenu hajanijua, nimefungua matumbo ya watu wa mji huu mpaka nikaacha kuhesabu, kwa hiyo msidhani ni woga wala uzee unaosema.

Bwana Kisu, mwanangu, picha za tumbo langu nimeziona, na umezisoma vizuri kuliko ambavyo ningezisoma mimi. Nilijivunia kimyakimya, sikukwambia, leo nakwambia. Ukinipasua huenda nikapata miezi kadhaa mbele. Hapo sibishani na wewe. Lakini kujua kinachowezekana ni kazi yako, na kusema nakitaka au sikitaki ni kazi yangu, na sisi wenye makoti meupe tunazichanganya kazi hizi mbili kila siku ya Mungu, mpaka mgonjwa wa watu anaona haya kusema hapana.

Alikuja kwangu refa mmoja, mbishi ajabu, mguu umeharibika hadi gotini. Nikamwambia, tukiukata utapona, tukiuacha utakufa. Akacheka yule bwana, akasema, "Daktari, hapa filimbi ninayo mimi." Akaenda zake nyumbani, akakaa na wajukuu wake barazani, akafa kama nilivyomwambia. Nilikuwa sahihi, wanangu, sahihi kabisa, na hadi leo sijaona alipokosea.

Na wewe wakili wetu, usimcheke kaka yako, zamu yako imefika. Ile karatasi ya kukupa mamlaka ya kuniamulia sitii sahihi, akili zangu ninazo, na mdomo huu mnausikia. Zahanati achukue kaka yako, shamba lichukue wewe, nyumba hii iwe yenu wote, na isiuzwe. Sheria itawaambia nyumba ni ya nani. Haitawaambia nani amfungulie mwenzake mlango. Tangu tumzike mama yenu mmenuniana, mkikutana mnaoneshana vyeti, huyu daktari, huyu wakili, na mimi katikati nakosa hata mtoto mmoja wa kunywa naye chai. Jamani! Yaishe leo, humu humu chumbani.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi, yanatosha.

Dawa ya maumivu nitakunywa, hiyo siikatai, mimi si shujaa. Nikifa nizikeni ubavuni kwa mama yenu, na hotuba ziwe fupi, mnanijua. Mungu awatunze, wanangu, awape riziki ya halali, awape na watoto wa kuwabishia kama mlivyonibishia, mpate kujua utamu wake. Radhi zangu mnazo. Zote.

Sogea, Bwana Kisu. Unalia? Lia, baba, lia, humu ndani huna mgonjwa. Nipe mkono wako... Ah, si hapo kwenye mshipa, hapo unanipima. Shuka chini... kwenye kiganja. Ee. Nishike hivyo hivyo.