Kidole Chini ya Neno

Tarehe thelathini mwezi huu, kipindi cha saa kumi na robo jioni kikimalizika, mwalimu wetu mkongwe kuliko wote atavua vipokea sauti vyake, atazungusha waya mara tatu kama kawaida yake, na atastaafu. Ametumikia kituo hiki miaka kumi na saba na miezi miwili. Alikuwepo kabla ya zulia, kabla yangu mimi, na kabla wazazi hawajakubali kwamba mtoto anaweza kusomeshwa Qurani na mtu aliye ndani ya kioo cha kompyuta.

Jina lake liko kwenye barua za ofisi tu. Watoto wanamwita Mwalimu Tena. Mtoto akikosea hamkaripii. Humwambia "Tena," kwa sauti ileile, mara ya kwanza hadi ya ishirini. Akipatia humwambia "Tena" vilevile, ili lililopatikana likae. Mzazi mmoja alitulalamikia kwamba kila akimtuma mwanawe kunawa mikono, mdogo mtu wa miaka mitatu husimama mlangoni na kusema "Tena," na mikono inanawishwa upya. Tulimwambia hatuna cha kumsaidia.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi saa. Miaka ishirini alikaa kwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maofisi, kioo cha ufundi kimebanwa jichoni, akifungua na kufunga vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Qurani alikwishaihifadhi ujanani, na alikuwa akiisoma taratibu huku akifanya kazi. Mkurugenzi wetu alikwenda kuchukua saa ya marehemu baba yake, akasimama kusikiliza, akakaa nusu saa. Wakati ule simu zilikuwa zimeshaanza kuwaonyesha watu saa, na wateja wa kibandani walikuwa wa kuhesabu. Wiki iliyofuata fundi alipanda ngazi zetu ishirini na mbili, juu ya duka la rangi, akaonyeshwa kompyuta. Aliuliza swali moja tu: mtoto atauonaje mdomo wangu?

Vyumba vyetu ni viwili, vimegawanywa kwa mbao nyembamba vikawa vijumba vinane. Feni huzimwa wakati wa vipindi kwa sababu vipaza sauti hunasa mvumo wake, kwa hiyo tunafundisha huku jasho likitutoka. Upande wa pili wa kioo wapo watoto wa watu wasio na nafasi: mama muuguzi wa zamu, baba anayerudi watoto wameshalala, bibi asiyejua kuwasha mashine. Wanasoma pale wanapopata. Mmoja alimaliza juzuu nzima kwenye kiti cha nyuma cha gari, kati ya shule na nyumbani, hadi mwalimu akajua matuta yote ya njia ile. Sauti ikiruka mara mbili, alijua wamebakiza aya tatu kufika.

Sheria yake ilikuwa moja, nayo haikujadiliwa: kidole chini ya neno. Siku za kusoma, kamera inainamishwa juu ya msahafu, na kidole cha mtoto kinatembea chini ya kila neno linalotamkwa. Alisema sikio la mtoto ni jepesi, linaweza kuimba sura nzima bila jicho kujua herufi moja. Kidole ndicho kinachosema kweli.

Hapa inabidi nisimulie jambo ambalo mwandishi mwenye busara angelipita kando, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Miaka kumi na mbili iliyopita, binti wa miaka minane alikuwa amefika mtihani wa kuhifadhi Juzuu Amma. Baba yake alikwishakodi ukumbi na kualika jamaa wa pande zote mbili. Siku ya mtihani kamera hurudi usoni, na binti alisoma sura baada ya sura bila kusita. Mimi, mratibu wa ratiba, nilikuwa nyuma ya mwalimu nikisubiri cheti kisainiwe. Hakusaini. Macho yake ya fundi saa yalikuwa yameona macho ya mtoto yakisogea kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Anayesoma kwa moyo macho yake hayafuati mstari, na msahafu husomwa kutoka kulia. Mtoto alikuwa anasoma kitu kingine.

Ilikuwa karatasi. Mama yake, mhasibu, alikuwa amenakili sura zote kwa herufi za kizungu saa za chakula cha mchana ofisini, akazibandika kuzunguka kioo cha kompyuta. Mwalimu aliomba aonyeshwe karatasi, akamwambia mama kwa upole, "Mama, mwandiko wako mzuri sana. Lakini hapa umesoma wewe. Mtoto bado." Mama yule alisema kwamba hata yeye hajui kuusoma msahafu. Hakuwahi kufundishwa herufi hata moja, na aliogopa mwanawe asije akaaibika mbele ya mashemeji kama alivyoaibika yeye.

Sherehe ilifutwa. Baba alikasirika, akawaambia wenzake, na familia tatu zikatuhama. Nami nilimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili nikipendekeza Mwalimu Tena apewe onyo kwa ukaidi na kwa kuharibu jina la kituo. Mkurugenzi aliifungia kwenye droo ya meza. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwalimu aliiona. Hajawahi kunitajia hadi leo, na kila asubuhi amekuwa akiniuliza kama nimelala salama.

Yeye alifanya jambo moja tu. Alifungua kipindi kipya saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla ya ofisi na shule, akawasomesha mama na binti pamoja, msahafu mmoja, vidole viwili. Walichukua miezi saba. Binti alipofanya mtihani tena, kioo hakikuzungukwa na karatasi yoyote na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Cheti kilisainiwa, na mama akaendelea na kipindi chake peke yake.

Sasa nifike mwaka huu, ambako furaha ya wasifu inapungua.

Mwanzoni mwa mwaka tulicheka sana kituoni. Siku ya kusikiliza tu, kamera ikiwa usoni, mwanafunzi wa miaka tisa alisimamisha picha yake kubwa ya shule kwenye kiti, akaenda zake sebuleni kuangalia katuni. Mwalimu aliisomesha picha ile dakika saba, tena akaisifu kwa kukaa vizuri. Dada wa yule mtoto ndiye aliyekuja kuitoa. Tulimtania mwalimu wiki nzima kwamba hatimaye amepata mwanafunzi mtulivu. Alicheka pamoja nasi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza imekuwaje mtu aliyenasa mboni za mtoto zikisogea ashindwe kuitambua picha.

Miezi miwili iliyopita, binti wa miaka saba aliacha kusoma katikati ya aya na kusema, "Mwalimu, msahafu wako uko kichwa chini." Mwalimu alikuwa ameushika mbele ya kifua kama siku zote, na maandishi ya jalada yalikuwa yamepinduka. Mimi nilikuwa kijumba cha pili. Nikasikia sauti yake: "Umeona vizuri, binti yangu. Mimi sikuona."

Alimaliza kipindi. Akaja mezani kwangu akipapasa ubao wa ukuta kwa vidole, akaketi, akaniambia yote. Miezi minane katikati ya macho yake kumekuwa giza, pembeni tu ndiko kuliko na mwanga. Daktari amemwambia kilichokwenda hakirudi. Ngazi alikuwa anazihesabu, kurasa anazigeuza kwa mazoea, na aya anazisahihisha kwa sikio, nalo halina kasoro. Lakini vidole vya watoto hakuviona. Miezi minane alikuwa akisema "Kidole kizuri" kwa kidole asichokiona.

"Nimekuwa mtoto wa karatasi," aliniambia. Nilitaka kumwambia asijitese, kwamba hakuna mzazi angejua, kwamba watoto wanasoma vizuri. Nikakumbuka barua yangu, nikamwuliza anataka nifanye nini.

Aliomba watoto wake kumi na mmoja wapimwe na mwalimu mwingine. Saba walikuwa wanasoma. Wanne walikuwa wanaimba kwa sikio, na vidole vyao vinatangatanga ukurasani. Alinitamkia barua nne, nikaziandika neno kwa neno, kila moja ikimweleza mzazi kwamba kosa ni la mwalimu na si la mtoto. Barua ya tano ilikuwa ya kustaafu. Nimeandika barua nyingi katika kazi hii. Hiyo ndiyo pekee iliyonitoa machozi, na sioni haya kusema.

Wazazi wote wanne walijibu. Mmoja, mzazi wa yule mtoto wa garini na njia ya matuta, ambaye sasa ana mtoto mdogo darasani kwetu, alituma ujumbe wa sauti: "Mwambieni mwalimu hatuhami. Sisi tutaanza upya, hata kama ni na mwingine." Wanne hao wameshaanza upya kwa mwalimu mpya, na kamera zimeinamishwa.

Kwa niaba ya walimu wenzake, mafundi mitambo, mfagizi anayesema hajawahi kuokota karatasi chini ya meza yake, na watoto zaidi ya mia tatu waliopita mkononi mwake, tunasema asante. Mimi ninaongeza samahani, ambayo ilipaswa kufika miaka kumi na mbili iliyopita.

Nilipopanga ratiba ya mwezi ujao nilitaka kumpa mtu mwingine kipindi cha asubuhi. Kilikwishaombwa. Mhasibu yule, ambaye sasa ana mvi na anasoma bila kukwama, pamoja na binti yake aliye chuoni, wamekiomba kiwe chao kila siku. Wao ndio watakaosoma, na mstaafu atasikiliza nyumbani kwake. Niliwaambia kamera si lazima tena, maana haoni. Binti alinijibu kwamba wataiinamisha tu.

Mwalimu Tena, nenda kapumzike kwa raha, afya na heshima uliyoichuma kwa jasho. Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wewe washa simu tu. Kidole kitakuwa chini ya neno.