Paka wa Chini ya Cherehani

Benchi letu liko ukutani, kati ya saluni ya Kinyozi na kibanda cha Fundi Cherehani, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Paka wa Fundi alikufa Jumatatu. Uzee tu, miaka kumi na tatu. Maisha yake yote alilala juu ya pedeli ya cherehani, na Fundi kabla ya kushona alikuwa akimgongea mara mbili kwa ncha ya kiatu, taratibu, asogee asije akabanwa mkia. Leo Alhamisi. Tangu afiwe, Fundi anakaa kwenye cherehani, anagonga mara mbili, anasubiri, halafu anainuka kuja benchini na kahawa yangu inampoea mkononi. Vitambaa vya watu vimerundikana mpaka dirishani.

— Jamani, huyu tumsaidie, — akaanza Kinyozi. — Huzuni inakaa kwenye nywele. Mimi nimenyoa wafiwa wangapi? Nimpige kipara leo, kesho anashona.

— Kipara cha nini? — Huyo ni Winchi, mpakizi wa magunia, mwili kama kabati. — Dawa ni paka mwingine. Kwa shemeji yangu wako saba. Nawaleta wote.

— Saba!

— Akifa mmoja wanabaki sita. Utalia saa ngapi na sita wanataka kula?

Mzee Redio, mstaafu asiyeachana na redio yake hata chooni, akapunguza sauti. Hilo hulifanya akiwa na jambo zito.

— Nyinyi hamjui kitu. Mngurumo wa paka na mngurumo wa cherehani ni mawimbi yale yale. Miaka kumi na tatu wamengurumiana. Aliyefiwa hapo ni cherehani, si Fundi.

— Kwa hiyo tuinyoe cherehani? — nikamuuliza.

— Ipelekwe likizo. Kwa dada yangu kuna hewa safi.

— Nitaibeba mimi, — akasema Winchi.

— Isafiri imelala au imesimama? — akauliza Kinyozi, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

Wallahi wakabishania hilo! Imelala, mafuta yatamwagika. Imesimama, itapata kizunguzungu. Fundi yuko pale pale katikati yao, macho kwenye kikombe, na hakuna anayemtazama. Nilitamani niwamwagie birika zima.

Ndipo akaja mama mmoja na kitambaa cha buluu kwapani. Mgeni, sijawahi kumwona.

— Hamjambo wenzangu? Namtafuta fundi.

— Fundi amefiwa, — akasema Kinyozi.

— Maskini! Poleni. Kafiwa na nani?

— Paka, — akajibu Winchi, akainamisha kichwa akingoja kicheko.

Mama hakucheka. Alijibana kwenye ukingo wa benchi, akaweka kitambaa chake mapajani.

— Alikuwa anaitwaje?

Kinyozi akamtazama Winchi, Winchi akamtazama Mzee Redio, na Mzee akaizima redio kabisa. Miaka kumi na tatu tumeuruka mkia wa yule paka kila asubuhi. Mimi mwenyewe nilikuwa namwita “we, toka kwenye maziwa”. Niliona haya.

— Bibi Harusi, — akasema Fundi. Sauti ilimkwaruza, siku nne hajaitumia. — Alikuja mdogo, kalowa chapachapa, na mimi nashona gauni la harusi. Nainuka kuchukua pini, narudi, kalala katikati ya gauni. Mwenye gauni aliolewa manyoya yako mgongoni.

Mama akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, na kicheko hakijaisha akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, na makamasi juu. Winchi akamshika bega. Kipara hakikutajwa tena. Fundi akatueleza jinsi Bibi Harusi alivyokuwa akiwapandia mapajani wateja waliokuja kugomba, mpaka wanasahau walichofuata. Nilipoinamisha birika yalitoka machicha matupu, na hakuna aliyeinuka.

Mwishowe Fundi akajifuta uso kwa utepe wa kupimia.

— Chako nitakikata kesho, mama. Acha kwanza nipunguze hivi vya watu.

Akakaa kwenye cherehani na shati la kwanza. Akagonga pedeli mara mbili. Akasubiri. Mguu ukakataa kukanyaga.

Winchi akasogea mlangoni, akachungulia chini ya cherehani kwa makini, kama aliyeona kitu.

— Kashasogea, Fundi, — akasema polepole. — Shona.

Na Fundi akashona.