Mama Vigingi na Ardhi Isiyochimbwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnivumilie niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vigingi, na nikikosea kusoma mnisamehe, kwani tangu Alhamisi usingizi umetukimbia.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa ranchi, mtoto wa tatu kati ya saba wa mchungaji wa ng'ombe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966 na sekondari hadi 1970, na mwaka 1972 akaajiriwa kuwa karani wa ofisi ya ardhi, chumba namba sita, ambako kwa miaka kumi na tisa aliona ranchi iliyokuwa ramani moja ikirudi mezani kwake imekuwa viwanja mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na uzio wake, na wanyama wasiojua kusoma wakijipiga kwenye waya.

Tarehe 13 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa pampu za visima, wakajaliwa watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza, wakanunua kidogo kidogo ekari mia sita na arobaini za malisho, na baba alipofariki tarehe 3 Juni 1999 tulimzika humo, mteremkoni juu ya josho, mama akatuonyesha kwa fimbo mahali pake, ubavuni mwa mumewe.

Tangu 1991 alikuwa kwenye shirika la hifadhi ambalo hununua ranchi zisikatwe, au hufunga mkataba na mwenye ardhi, abaki na ardhi yake na ng'ombe wake, ila yeye na warithi wake wasigawe, wasijenge wala kuchimba, milele, na majirani walipomtania kwamba dawa anayowanywesha wenzake mwenyewe haionji, tarehe 17 Agosti 2004 alitia saini mkataba wa ekari zetu, aliouandika kwa mkono wake, akasahau kuacha nafasi ya kaburi.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Novemba iliyopita mwanasheria wa shirika alimletea wodini karatasi ya mstari mmoja wa kuruhusu kaburi lake, mama akaomba miwani, akaisoma mara mbili, akairudisha bila kuitia saini, akasema leo kaburi, kesho choo, keshokutwa hoteli, na kwamba wenzake thelathini na wanane aliowafunga kwa mkataba kama huo watamcheka hata akiwa chini. Alifariki Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, alfajiri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Sitaficha kwamba Jumamosi mimi na mdogo wangu tulikwenda pale mteremkoni na majembe, kwani mama ni mama na karatasi ni karatasi, lakini hatua tatu kutoka kwa baba kipo kigingi namba nne, kimoja cha vile vilivyompa jina, ambapo kila Agosti mama alisimama kupiga picha ileile ya malisho kuhakikisha hakuna kilichobadilika, na mdogo wangu akakitazama, akasema, kaka, shimo hili litaonekana kwenye picha, tukarudi na majembe makavu. Sisemi alikuwa sahihi, wala sisemi alikosea, nimechoka kumbishia, ila ndiyo sababu tuko hapa kwenye makaburi ya umma, kando ya barabara ya malori, kilomita thelathini na moja kutoka kwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, dereva aliyempeleka kila Jumanne na Ijumaa bila kununa, majirani mliotutania mkatupikia, na wenzake kazini waliotusubiri tuamue wenyewe.

Mama, hakuna kilichochimbwa, na Agosti picha nitaipiga mimi. Pumzika kwa amani.