Historia ya Dada Yetu, Aliyepima Tope Mara Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, mtu wa kwanza kuniambia kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa mafuta alikuwa mama, alisimama mlangoni na beseni la nguo mbichi mikononi, akaniambia kwa sauti ya chini kama anayeogopa habari yenyewe isije ikamtoroka, nami nikamuuliza ni mafuta ya kupikia au ya kujipaka, mama akasema, "Hata mimi sijui, mwanangu, nenda kamuulize mwenyewe." Familia imeniomba niisome historia yake kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye siku za mwisho, nanyi mtanivumilia, maana sijazoea kusimama mbele za watu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Mei 1994, saa moja asubuhi, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba yetu, fundi wa pampu za visima, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Baba anasema alipokuwa na miaka mitano alimfuata kazini, akalala kifudifudi ukingoni mwa kisima huku baba amemshika miguu, akauliza maji yanakaa wapi kabla hayajavutwa, baba akamjibu kwamba yamo ndani ya mawe, naye akadhani anataniwa, akashinda siku nzima akivunja kokoto kwa nyundo aone kama kuna lililolowa katikati.

Alianza shule ya msingi Januari 2001 akamaliza Novemba 2007, akaendelea na sekondari kuanzia Januari 2008 hadi Novemba 2011, kisha masomo ya juu ya sekondari hadi Mei 2013, akachukua fizikia, kemia na hisabati, na cheti chake mmekiona pale mezani, sina haja ya kukisoma. Tarehe 7 Oktoba 2013 aliingia chuo kikuu, darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na wanane, wasichana sita, na wiki ya kwanza bawabu wa jengo la uhandisi alimwelekeza mara tatu kwenye jengo la ualimu, mara ya nne akamwambia, "Mzee wangu, ukinirudisha tena huko nitaanza kufundisha." Toka siku hiyo walisalimiana kama mtu na mjomba wake, na leo mjomba huyo yupo hapa, amekaa mstari wa pili.

Desemba ile alirudi likizo na kipande cha jiwe la mchanga, kikubwa kama kidole gumba, kilichovunjika maabara na mwalimu wake akamruhusu akichukue. Alikiweka mezani, akatuita sote, akadondosha tone moja la maji juu yake, tone likazama mbele ya macho yetu kama limemezwa, akadondosha la pili, nalo likazama, akasema, "Mmeona? Jiwe linakunywa." Alitueleza kwamba mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa, yamo katika vitundu vya mawe ambavyo jicho halivioni, yamefungiwa humo tangu kabla hajakuwepo mtu wa kuyaita jina, kilomita mbili na zaidi chini ya miguu yetu, katika giza na joto la kuchemsha maji, na kwamba kazi aliyokwenda kujifunza ni kuyafikia huko bila kuiudhi ardhi. Baba, ambaye kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akitengeneza pampu za visima, alilichukua jiwe lile, akaligeuzageuza, akasema, "Kumbe siku ile sikukutania." Mimi niliogopa kukanyaga sakafu, niliona kama nyumba yetu imejengwa juu ya kitu kinachopumua.

Kuhusu kazi, hakuwahi kuajiriwa, ila Julai na Agosti 2016 alifanya mafunzo kwa vitendo wiki nane katika mtambo wa kuchimbia visima vya gesi, akiwa msaidizi wa mhandisi wa tope. Tope hilo si la njiani, ni udongo maalumu uliokorogwa kwa maji, husukumwa hadi chini ya kisima likapoze chuma kinachochimba na kupandisha vipande vya mawe, na zaidi ya yote uzito wake ndio unaoikalia gesi isipande. Likiwa jepesi kuliko inavyotakiwa gesi huja juu na moto wake, likiwa zito kupita kiasi hupasua mwamba, kwa hiyo kila saa lazima mtu alipime, na kwa wiki nane mtu huyo alikuwa dada yangu, kasimama na mizani yake juu ya vyuma vinavyotetemeka, na chini yake kina ambacho hata kukihesabu kwa urefu wa minazi unachoka. Wenzake wakampa jina la Mama Tope, nalo alilipenda kuliko lake.

Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, shangazi zetu walipomuuliza ataolewa lini alijibu, "Nikimaliza kukoroga, shangazi," lakini mwanangu aliyezaliwa Septemba 2016 alikuwa wake nusu, alimbeba begani huku akisoma vitabu vyake kwa sauti, na mtoto alilala haraka kuliko kwa wimbo wowote.

Februari 2017, akiwa mwaka wa nne, miguu ilianza kuvimba, tukadhani ni kusimama sana maabara, na tarehe 21 alipelekwa hospitali kubwa ambako madaktari waligundua kwamba figo zote mbili zimeshindwa kazi. Alianza kusafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, aliitazama mashine ile kwa makini, akamuuliza muuguzi jinsi kichujio chake kinavyofanya kazi, halafu akamwambia, "Na sisi tunachuja hivihivi, dada, ila leo tope ni mimi."

Wakati huo alikuwa amekwisha kupima sampuli zote za utafiti wake wa kumalizia shahada, sampuli kumi na mbili za tope lililochanganywa na unga wa maganda ya ndizi, apate kujua kama unga huo unaweza kulizuia tope lisipoteze maji yake ndani ya mwamba. Ilibaki kuandika tu, na ripoti ilitakiwa ifike Ijumaa, tarehe 16 Juni, saa sita mchana. Jumamosi, tarehe 20 Mei, akiwa kitandani na daftari lake la maabara, alifika ukurasa wa kwanza, akanionyesha mstari mmoja. Siku ya kwanza aliweka maji safi kwenye mizani, mizani ikaonyesha ni mazito kidogo kuliko maji yanavyopaswa kuwa, naye akadhani mizani imeharibika, akairekebisha mpaka ikakubali. "Nililaumu mizani," aliniambia, "na mizani ilikuwa inasema kweli." Ndipo akakumbuka kwamba maji yale aliyachota kwenye ndoo ambayo mwanafunzi mwingine alikuwa ameyeyushia chumvi, ndoo zinafanana, na kwa maji hayohayo alikoroga sampuli zake zote kumi na mbili, na chumvi huzuia udongo ule kuvimba, kwa hiyo kila tarakimu katika daftari lile ilikuwa ya tope jingine, si la kwake.

Hakuna aliyejua ila yeye na mimi. Mwanafunzi mwenzake aliyekuja kumtazama, dada alipomweleza, alimwambia, "Mama Tope, wewe mgonjwa, nani atalilamba tope ajue lina chumvi?" Dada akamjibu, "Kisima ndicho kitakacholilamba." Akampigia simu mwalimu anayemsimamia, akamweleza kosa lote, mwalimu akamshauri aahirishe mwaka mzima kwa sababu ya ugonjwa, maana kanuni inaruhusu, dada akashukuru, akasema kwamba mwaka mzima hana. Alitaka mambo mawili tu, tope lipimwe upya kabla ya tarehe ile, na ripoti iseme wazi ni mkono wa nani uliopima, naye mwalimu, Mungu ambariki, akaandika barua ya kibali.

Ndivyo mimi niliyeishia darasa la saba nilivyoingia maabara ya chuo kikuu, Alhamisi, tarehe 1 Juni, mtoto mgongoni, fundi wa maabara akiwasha mitambo na dada akisema nami kwa simu kutoka kitandani. Kila sampuli hukorogwa, hufungwa katika chombo cha chuma, huwekwa ndani ya oveni saa kumi na sita ili ipitie joto la chini ya ardhi, kisha hutolewa, hupoa, hupimwa uzito, halafu huchujwa kwa nusu saa na maji yanayotoka huhesabiwa. Siku ya kwanza dada alinifanya nioshe ndoo mara nne, na kabla ya yote nipime maji matupu, na mizani iliposimama sawasawa bila kuguswa nilimsikia kwenye simu akivuta pumzi. Alinionya, "Andika unachokiona, mdogo wangu, usiandike unachokipenda." Hadi Jumatano, tarehe 14, zilikuwa zimekamilika sampuli kumi na moja, nami kila jioni nilimsomea tarakimu, akaziandika ripotini kwa mkono uliokuwa ukichoka mapema zaidi kila siku.

Alhamisi, tarehe 15 Juni 2017, saa kumi na nusu jioni, tuliiweka sampuli ya kumi na mbili ndani ya oveni, nikakimbilia hospitali, nikamkuta akiniuliza kwa macho, nikamwambia ipo ndani, akafumba macho kwa kuridhika. Saa moja na dakika kumi jioni, baba akiwa amemshika miguu na mama amemshika mkono, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwezi mmoja na siku sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi aliyekuwa akimwazima miwani, majirani mliotulelea mtoto na kutupikia, wanafunzi wenzake mliochangia damu, mwalimu wake, na fundi wa maabara ambaye hakuwahi kutuuliza tutamaliza saa ngapi. Asanteni, hatuna cha kuwalipa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la historia yake, si langu. Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, wakati wazee wakipanga mambo ya mazishi, mama alinifunga mtoto mgongoni, nikaichukua ripoti ya dada, nikaenda chuoni, na saa mbili na nusu kamili fundi wa maabara akafungua oveni. Tuliiacha ipoe, tukaipima, tukaichuja nusu saa, tone baada ya tone, hakuna aliyesema nami kwenye simu. Niliandika nilichokiona: maji yaliyotoka ni mililita saba na nusu, machache kuliko sampuli zote. Fundi alitia sahihi, mimi nikatia yangu chini yake, nikaujaza mstari wa mwisho wa jedwali la dada kwa mwandiko wangu, na saa tano na robo nikaikabidhi ripoti kwenye dirisha la ofisi ya idara, karani akauliza mwenyewe yuko wapi, nikamwambia amemaliza.

Pumzika, dada, kwa amani uliyoifanyia kazi.