Sisi wa Deir Lawz Tulikuwa Tayari

Mheshimiwa Balozi Evert Sandvik, Mjumbe Maalumu wa Amani, tunayekuaga mchana huu. Mheshimiwa Balozi Clarisse Odermatt, unayempokea kijiti. Mheshimiwa Naibu Waziri uliyetoka Ramallah. Waheshimiwa mabalozi na wawakilishi wa nchi rafiki. Mashekhe, mapadri na marabi. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wanakijiji wenzangu wa Deir Lawz, mliotajwa mwisho kwa kuwa ratiba imewaweka mwisho, na mlioketi nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimebandikwa majina ya watu: amani iwe juu yenu nyote.

Mimi ni Ibtihaj Khatatbeh, mwalimu wa jiografia mstaafu. Kijijini wananiita Mama Mutaz. Ofisi ya Mheshimiwa iliniomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wote walionufaika na juhudi zake. Bibi wa itifaki alinipigia simu, akanambia kwa adabu kabisa, "Mama, liwe fupi, na likiwa na matumaini ndani yake tutashukuru." Nikaandaa neno la shukrani. Nililiandika vizuri, lina hata mstari wa kuchekesha.

Lakini muda mfupi uliopita Mheshimiwa Balozi alisimama mahali hapa niliposimama, akatueleza kwa nini dola mbili, ya Israeli na ya Palestina, hazijapatikana katika muda wake wote wa kazi. Alisema, na nanukuu, "Pande zote mbili hazikuwa tayari." Mkampigia makofi. Basi lile neno langu nimelikunja, nimelitia mkobani.

Mheshimiwa, nani hakuwa tayari?

Ndugu wageni, nisije nikaonekana mtovu wa fadhila, nianze na sifa zake, maana anazo. Balozi Sandvik ni mtu mpole. Mwaka wake wa kwanza alikuja Deir Lawz, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa mume wangu Rashad, akala maqluba, ule wali wetu wa kupinduliwa sinia, niliyoipika mimi, akaongeza sahani. Wazee wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, kweli, na alikula akashiba. Nitawaambia mwenyeji alivyopona.

Ni Mheshimiwa huyu aliyeunda kamati ya bonde letu. Wazo lilikuwa lake na lilikuwa zuri: kabla wakubwa hawajachora mpaka wa nchi nzima, wanaoishi kwenye mpaka wajaribu kuchora kipande chao. Upande wetu tulikuwa sisi wa Deir Lawz. Upande wa pili walikuwa watu wa Nahal Rimon, kijiji cha Waisraeli ng'ambo ya bonde, ndani ya nchi yao. Katikati yetu kuna chemchemi moja. Na kuna uzio, ambao haukupita kwenye mpaka bali umeingia kwetu, ukaiacha mizabibu ya Rashad upande wa pili, nyuma ya lango linalofunguliwa na askari wao.

Kikao cha kwanza kilikaa humu humu Beit Jala, kwa kuwa hapa ni mahali pamoja kati ya pachache ambapo sisi na wao tunaweza kuketi pasipo mmoja wetu kuvunja sheria. Mbele yangu aliketi mwanamke wa makamo, mtaalamu wa miti ya matunda, jina lake Tirtza Almagor. Mnamwona pale, mwenye shali ya kijani. Hakunisalimia. Alisema kwa Kiarabu chake cha kuchechemea, "Nimekuja kusikiliza, lakini usinitake nikuamini. Dada yangu alipanda basi kwenda kazini, likalipuliwa, tukamzika vipande vipande."

Nikamjibu, "Sikutaki uniamini. Mimi nikitaka kuchuma majani ya mzabibu wa mume wangu niyapike, sharti nimwombe ruhusa mtoto mwenye bunduki. Nami siwaamini."

Msimamizi kutoka ofisi ya Mheshimiwa akatabasamu, akasema labda tuanze na michezo midogo ya kujenga kuaminiana. Sote wawili tukaropoka kwa pamoja: "Hapana!"

Ndiyo yalikuwa mapatano yetu ya kwanza.

Yaliyofuata yalikuwa magumu, wala sitawadanganya. Tuligombana majira yote ya baridi. Tulitoka vyumbani kwa hasira, tukarudi. Siku moja tulishuka bondeni wote, kwa kibali maalumu, kuitazama ardhi yenyewe. Tirtza akaiona mizabibu yetu, akasimama mikono kiunoni. "Baba Mutaz," akamwambia mume wangu, "nani aliyeipogoa hii mizabibu? Mbuzi?"

Rashad akamtazama. "Mbuzi ana adabu, bibi. Mbuzi hungoja msimu. Hili lango lenu lilifunguliwa msimu umekwisha."

Tirtza akatoa mkasi mfukoni, akaanza kumwonyesha namna ya kuuokoa mzabibu uliochelewa, na Rashad akaanza kumwonyesha kwamba babu yake alijua hayo kabla Nahal Rimon haijachimbiwa msingi. Waligombania tawi moja mpaka adhuhuri. Kutoka siku ile kamati ilianza kazi.

Mwisho wa masika tulikuwa na mapatano. Mpaka upite wapi, tuliandika. Chemchemi ni ya Palestina, na mashamba ya Nahal Rimon yapate zamu yao ya maji, tuliandika. Uzio urudi kwenye mpaka, na pale njiani pawe na lango lenye walinzi wa pande zote mbili, ili mama wa ng'ambo alale usiku bila hofu na mkulima wa kwetu aamke asubuhi bila kibali. Kila kijiji kiliitisha mkutano, na kila kijiji kilikubali kwa kunyoosha mikono. Si mikono yote! Mimi niliitwa muuza makaburi ya mababu, na binamu yangu alikataa kula kwangu sikukuu nzima. Tirtza alitemewa mate dukani kwao. Lakini tulikubali.

Mheshimiwa, tulikuletea. Ulisoma ukiwa umesimama, machozi yakakulengalenga machoni, nami nilikupenda kwa machozi yale. Ukasema, "Hizi ndizo dola mbili, kwa udogo wake." Kisha ukafunga jalada, ukasema, "Lakini wakati haujaiva. Tungoje mkutano mkuu."

Mkutano mkuu ulifanyika mbali, kwenye hoteli kando ya ziwa. Tuliwaona kwenye televisheni mmekaa mezani na bendera ndogo ndogo. Rashad akasema, "Wajumbe wako wanakula samaki wa ziwani, Mama Mutaz, na huku sisi tunaliwa kilima." Nikamwambia anyamaze, mambo makubwa huenda polepole.

Kilima alichosema ni kile kilicho juu ya chemchemi, ardhi yetu kwa mapatano yale na kwa urithi kabla ya mapatano. Wiki ile ile ya mkutano vijana wenye silaha walipiga hema pale. Si watu wa Nahal Rimon. Ni wengine, walowezi wa Kiisraeli wasioutaka mpaka wowote. Tulipiga simu ofisini kwako. Mkatoa tamko kwamba mna wasiwasi.

Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotutangulia, nasi tuliumwa. Tulingoja uchaguzi wa Waisraeli, kisha mwingine, kisha mwingine, maana wakubwa wao hakuna asiyemwogopa mpiga kelele wa pembeni. Tulingoja wakubwa wetu wapatane wao kwa wao. Na wewe, Mheshimiwa Naibu Waziri, usitikise kichwa kana kwamba nawasema majirani peke yao: yale mapatano tuliyaleta na kwenu, mkatuuliza tulitumwa na nani. Tulitumwa na kiu! Nyinyi mlitumwa na nani, ambao uchaguzi wenu wa mwisho, mwanangu alikuwa bado anajifunza kusoma?

Hema ikawa nyumba ya mabati, nyumba ikawa mtaa wenye taa. Na kila hatua mlitoa tamko. Wasiwasi wenu ukawa wasiwasi mkubwa. Mwaka uliofuata ukawa wasiwasi mkubwa sana. Mheshimiwa, katika muda wako wote hapa sikuona kitu kilichokua haraka kuliko wasiwasi wenu, isipokuwa nyumba za kilimani.

Asubuhi moja Rashad alikuwa akipogoa mizabibu yake. Lango lilikuwa wazi siku ile na kibali alikuwa nacho. Walishuka kutoka kilimani na marungu. Askari wawili walikuwepo langoni, wakatazama. Leo mume wangu yuko pale nyuma, na ile mnayoisikia ikigonga sakafu anapojisogeza ni mikongojo yake. Hatashuka tena bondeni.

Aliyeshuka ni Tirtza. Alikuja na mkasi wake, akaingia kwenye mizabibu yetu peke yake. Askari akamfuata. "Bibi, unafanya nini hapa?"

"Napogoa."

"Mizabibu ya nani?"

"Ya jirani yangu."

"Jirani gani?"

"Yule mliyemtazama akivunjwa miguu."

Alikaa korokoroni siku ile mpaka jua likazama. Alipotoka alinipigia simu kuniambia kwamba safu mbili za chini bado, atazimalizia Jumapili.

Kisha vikaja vita. Sivielezi, hapa ndani hakuna asiye na maiti wake. Tirtza alimzika mpwa wake. Mimi mtoto wa shangazi yangu na wanawe watatu wako chini ya kifusi Gaza, na mazishi yao niliyasikia kwa simu. Kwa wiki nyingi mimi na yeye hatukusemeshana. Sikuweza. Naye hakuweza. Halafu siku moja simu ililia, nikaona jina lake, nikapokea. Tulilia tu, kila mtu upande wake, mpaka salio lake likakatika.

Sasa Mheshimiwa aniambie tena: nani hakuwa tayari?

Mnataka kujua kungoja kwenu kumetugharimu nini? Msiangalie kilima. Mwangalieni Mutaz, mwanangu, ambaye leo amekataa kuja. Nilimpigia pasi shati, likabaki kitandani. "Mama," aliniambia, "hiyo dola yako itakaa wapi? Kwenye simu? Kila tukilala tukiamka imepungua. Wewe nenda ukawashukuru, mimi siendi kumpigia makofi mtu anayeaga maiti ambaye hakumtibu."

Nikamwambia, "Mwanangu, usiongee hivyo."

Akanijibu, "Basi nipe neno jingine niongee."

Nilifundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na huyu wangu nilimwacha nyumbani nikapanda basi. Na mjukuu wa Tirtza anaingia jeshini vuli hii. Yeye naye anamwambia bibi yake kwamba ndoto zake ndizo zinazoua watu. Vijana wawili hawa hawajawahi kuonana. Mkiendelea kungoja wakati uive, wataonana langoni, mmoja na bunduki na mwingine na jiwe, na nyinyi mtatoa tamko.

Balozi Odermatt, wewe ni mgeni, nami sina ugomvi nawe bado. Utapewa majalada mengi, na katika majalada hayo utasoma kwamba watu hawa hawapatani. Sikiliza jambo ambalo halimo. Katika mapatano yetu mliahirisha vifungu vyote, lakini kifungu cha maji hatukuwaachia. Tunakitimiza wenyewe, bila serikali, bila mjumbe, tangu siku ile tuliyonyoosha mikono. Zamu yao ikifika, sisi tunafunga mfereji wetu. Zamu yetu ikifika, wao wanafunga wao. Vita vilipokuwa vikali kuliko vyote, maji hayakukosa zamu hata mara moja. Tirtza na mimi hatukusemeshana, lakini mfereji ulifunguliwa. Hao ndio watu ambao hawakuwa tayari!

Na sasa amri imetoka: Jumatatu mashine zinakuja kuizungushia uzio chemchemi yenyewe, iwe mali ya wale wa kilimani. Watu wa Nahal Rimon wamepinga mahakamani pamoja nasi, jina kwa jina. Tumeiandikia kila bendera iliyomo ukumbini humu. Tumejibiwa kwamba suala letu litazingatiwa katika mchakato mpana zaidi.

Waheshimiwa, sisi hatuna ugomvi na neno dola mbili. Tulilishika kabla yenu na tutalishika mkiondoka. Tuna ugomvi na wanaolitamka kama dua ya kufungia kikao, kisha wakainuka kwenda kunywa kahawa. Mpaka haulindwi na matamko. Mmekuwa na uwezo wa kusema hapana na kuigharimia hapana yenu, kwa biashara zenu, kwa mikataba yenu, kwa miili yenu kama ingebidi. Mlichagua upole. Upole wenu, Mheshimiwa Sandvik, ulikuwa mtamu kwako. Sisi ndio tulioulipia.

Nakushukuru kwa kamati ile. Nasema kweli, nakushukuru, maana bila wewe nisingempata huyu mwenye shali ya kijani, ambaye sasa namwita dada, na ambaye bado ananikasirisha karibu kila siku. Nakutakia safari njema na uzee wenye usingizi.

Lakini ndege yako ni kesho, na magari yenu yote yana vibao vinavyofungua kila kizuizi. Deir Lawz si mbali. Basi tuliloletwa nalo wanakijiji liko nje, lina nafasi, na Tirtza ameniambia watu wake wamekwisha shuka bondeni wanatungoja kwenye chemchemi, wazee kwa vijana. Tutakaa pale leo, kesho, na Jumatatu mashine zitakapofika. Anayetaka kujua kama pande mbili ziko tayari, aje azihesabu kwa macho yake. Anayeona wakati haujaiva, chakula kinaletwa sasa hivi. Ale, asituonee haya.

Rashad, mume wangu, shika mikongojo yako. Tirtza, twende.

Nyinyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza. Kusikiliza mmekwisha sikiliza vya kutosha. Inukeni.