Bolivia au Laos

Basi la asubuhi la Hobart lilipokaribia hospitali, Bi Marjorie alikifunga kitabu chake cha mafumbo, maana fumbo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yake. Keely na Jodie, wapishi wa hospitali, walikuwa na fomu ya likizo ya pamoja, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa leo saa tatu.

"Shoga, andika Julai twende Bolivia," Keely akasema. " Kule Julai hakuna mvua, na kitanda ni bei ya pai mbili."

"Julai tunaganda hapa, nikagande huko pia? Andika Januari twende Laos. Kandambili na supu ya barabarani, yatosha."

"Wewe jua la hapa tu linakubabua kama kamba wa kuchemsha!"

"Afadhali kamba kuliko nyama ya friji, bibi wee."

Keely akatoa pasipoti yake kama shahidi. "Itazame! Inakufa mwakani, haina hata muhuri mmoja."

Kitabu gani huzeeka miaka kumi bila kuandikwa? Hilo Bi Marjorie alilifumbua bila kalamu.

"Na ile ya kwanza je?" Jodie akauliza.

"Ile nayo uliiua wewe na Laos yako!"

Basi likasimama. Wakamshukuru dereva kwa pamoja, jambo pekee waliloafikiana tangu wapande, wakasimama kituoni na fomu nyeupe pe.

"Tusikurupuke," Jodie akasema. "Tuna mpaka saa tatu."

Bi Marjorie akachungulia dirishani saa ya kituoni. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili.