Nyuki Ndani, Mwenyewe Nje

Fundi cherehani alipanda garimoshi akitaka kusinzia, lakini abiria wawili waliokaa mbele yake walimnyima usingizi. Mama mmoja mrina asali alikuwa amegundua kwamba jirani yake wa kiti ni askari wa hifadhi ya msitu.

"Mwanangu, mizinga ya marehemu mama yangu imo humo ndani. Mmeweka mpaka, nyuki ndani, mimi nje. Wao mliwapa kibali?"

Fundi aligeukia dirisha asije akacheka.

"Mama, mwaka jana moto wa warina asali uliunguza kilima kizima."

"Na nani aliuzima huo moto? Nyinyi mlifika umeshakuwa majivu. Sisi tulibeba ndoo mpaka migongo ikagoma."

"Hilo halimo kwenye ripoti," askari akakiri.

"Basi litie."

Askari akatoa daftari, akaandika kweli. Ila hakusalimu amri. "Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja kumi wenye mashoka."

"Mti ukikatwa, nyuki wangu wanahama. Utampata wapi mlinzi mwenye uchungu kama mimi?"

"Sheria sikuitunga mimi, mama. Jumatano tuna kikao, njoo umwambie mkuu wangu."

"Kikao kifanyikie msituni, penye mizinga. Na mkuu wako avae viatu vya kutembea!"

Garimoshi likasimama. Askari akacheka, akambebea kikapu, wakashuka wakiendelea kubishana. Fundi, ambaye safari yake ilikuwa bado, akafungua dirisha lote apate kusikia jibu.